Malenge Lenye Shingo

Asubuhi ile mama mkwe alilipita lango langu bila kuingia. Nilikuwa nimeinama kwenye mboga za managu, nikichuma za mchana, na niliposikia fimbo yake ikigonga mawe ya njia niliinuka nikajipangusa mikono. Tangu miguu ianze kumsumbua, hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kila siku: kutoka kwake, kupita kando ya shamba la chai, kuingia kwangu, kuzunguka shamba langu la mboga polepole akigusa hiki na kile, kisha kuketi jikoni mwangu tunywe chai pamoja. Siku hiyo fimbo haikusimama.

"Mama, chai iko tayari," nilimwita.

"Nitakuja," alijibu huku akienda. "Nimeambiwa kuna kitu imezaa kule kwa huyu."

"Huyu" alikuwa wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Alikuwa ameolewa upande wa Chebunyo, na ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani na mfuko wa nguo, bila mtoto, bila ng'ombe, bila maelezo mengi. Ndugu zake, mume wangu akiwa mmoja wao, walikubaliana apewe kipande cha shamba kinachopakana na changu. Mimi sikupinga. Nilimpelekea unga, nikampa sufuria, nikasimama naye fundi alipopigilia mabati. Nilidhani tumepata jirani mwema, na kwa kweli tulikuwa tumempata.

Lakini ni lazima nieleze mama mkwe alikuwa nani kwangu. Mimi nilitoka upande wa Kisii, nikaolewa huku Ndanai nikiwa msichana asiyejua hata kusalimu kwa Kipsigis. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijajifungua mtoto wa kwanza. Aliyenikanda mgongo nilipojifungua, aliyenipikia uji na kukaa nami mpaka nikaweza kusimama, ni mama huyu. Ndiye aliyenionyesha mahali pa kuotesha mboga ya saga ili kuku wasiifikie, na namna ya kuzungusha majivu kwenye miche ili wadudu wasiikate. Tulizungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, na hata nilipokuja kukijua Kipsigis vizuri tulikuwa tumeshazoeana hivyo. Wake za ndugu wengine waliishi mjini. Wifi zangu wote walikuwa kwa waume zao. Mtoto wa kike katika boma lile nilikuwa mimi.

Basi nilingoja. Chai ikapoa, nikaipasha. Ikapoa tena. Mama mkwe alirudi jua likiwa limepanda, akapita kwa mara ya pili, na safari hii akaniambia kupitia kwenye ua, "Enda uone. Sijawahi kuona malenke ya aina hiyo." Neno malenge lilikuwa likimtoka hivyo siku zote, malenke, na mimi nilikuwa nikilipenda. Siku hiyo halikunipendeza.

Sikwenda. Nilisubiri mpaka wifi aliposhuka mtoni, ndipo nikaenda kusimama kwenye ua kama mtu anayekagua nguzo.

Mmea ulikuwa umeota karibu na shimo lake la taka, ukatambaa mpaka kwenye mti wa avokado, ukaupanda. Kwenye tawi la chini, usawa wa macho ya mtu, lilikuwa linaning'inia lile lililokuwa likizungumzwa. Lilikuwa na shingo ndefu iliyopinda, na chini ya shingo tumbo kubwa la mviringo lililogawanyika kwa mifuo kama malenge yetu ya kawaida. Ngozi yake ilikuwa ya kijani kibichi yenye mabaka ya rangi ya maziwa. Nimelima mboga tangu nikiwa mdogo, na sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Moyo wangu uliruka kwa furaha ya kuliona, halafu mara moja ukakumbuka liko upande gani wa ua.

Habari zilienea. Sisi hatuna mambo mengi ya kutazama. Msimu wa kuchuma chai ukiwa mbaya watu hutafuta jambo lolote. Wanawake waliotoka kituo cha kupeleka majani walipitia kwa wifi wakiwa bado na vikapu mgongoni. Kila mmoja alikuwa na lake. Jirani wa juu alisema ni kibuyu, aina ile ya kugandishia maziwa ya mursik, na kwamba likikauka atakuja kuliomba. Mchuuzi wa maziwa alisimamisha pikipiki, akalitazama, akasema ni la nyoka na lisiguswe. Mama mmoja wa kanisani kwetu alisema ni batanati, malenge dogo la sokoni, lililopata ugonjwa. Wifi alisimama katikati yao akicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu arudi. Na mama mkwe alikuwa ameletewa kigoda, ameketi chini ya avokado na fimbo yake magotini, akiwakataza watu kulishika.

Kigoda. Kwangu hakuwahi kuwekewa kigoda shambani. Hilo lilinichoma kuliko malenge lenyewe.

Niliamua kwamba nitakuwa mimi wa kulitambua. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba watu wote hawa wanabahatisha tu, na siku nitakaposema hili ni kitu fulani, na kusema kwa hakika, mama atanigeukia na kusema, nilijua wewe ndiye utakayejua. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa, na hilo ndilo nililolitamani kuliko kitu chochote mwezi ule.

Binti yangu alikuwa nyumbani, amemaliza chuo na anasubiri kazi. Nikamwambia anipigie picha ya lile malenge kwa simu.

"Si tuingie tu kwa shangazi?" alisema. "Hata atafurahi."

"Piga kutoka hapa."

Alipenyeza mkono katikati ya waya, akapiga, akaiuliza simu. Simu ikasema ni kibuyu. Akapiga nyingine kwa upande. Simu ikasema ni papai bichi. Akapiga ya tatu akiwa amelenga shingo peke yake, ikatuletea picha za bata bukini. Binti yangu alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Mimi nilimwambia afute picha zote.

Siku ya soko nilikwenda kwenye duka la dawa za mimea pale Ndanai. Nilimweleza mwenye duka umbo la lile malenge kwa mikono yangu. Akaniuliza kama majani yamejikunja. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kuna inzi weupe. Nikasema sijui, si langu. Akanitazama.

"Sasa mama, kama si yako unataka nikuuzie dawa ya nini?"

Nilirudi nyumbani na mbegu za vitunguu ambazo sikuzihitaji.

Baada ya hapo niliacha kuuliza watu na nikaanza kutazama. Kila asubuhi, kabla wifi hajafungua mlango, nilikuwa kwenye ua. Nilitazama maua. Yalikuwa ya manjano, makubwa, yakifunguka alfajiri na kusinyaa jua likiwaka. Kibuyu huchanua maua meupe, nayo hufunguka jioni. Hata mtoto wa kwetu anajua hilo. Kwa hiyo jirani wa juu alikuwa amekosea, na niliona raha kidogo. Nilitazama majani. Yalikuwa laini, yenye madoa meupe kwenye mishipa kana kwamba mtu amenyunyiza unga. Nilitazama kikonyo kinachoshika tunda. Kilikuwa kigumu, chenye pembe, na kilipofika kwenye tunda kilitanuka kama mguu wa kuku unaokanyaga chini.

Hapo ndipo niliposimama wima. Niligeuka nikaenda kwenye malenge yangu mwenyewe, yaliyokuwa yakitambaa upande wa pili nyuma ya jiko. Nikapindua jani. Madoa meupe. Nikafuata kikonyo kwa kidole. Mguu wa kuku.

Malenge yangu si ya dukani. Mbegu zake nilikuja nazo kutoka kwetu zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa, na nimezihifadhi kila msimu tangu nilipoolewa. Ni ya mviringo, ya kijani, na yakipikwa huwa makavu kama viazi vitamu. Hakuna mtu mwingine katika eneo lile aliyekuwa nayo. Na lile la wifi lilikuwa na jani langu, na ua langu, na kikonyo changu, ingawa shingo sikujua limeitoa wapi.

Nilihitimisha kwamba ameniibia mbegu.

Nawaza sasa jinsi wazo hilo lilivyonijia kwa urahisi. Nilianza kukumbuka siku aliyoingia kwangu kuomba moto. Nilikumbuka kwamba takataka zangu ziko karibu na ua wake. Nilikumbuka hata jinsi alivyosifu malenge yangu siku moja tukila, jambo ambalo wakati ule lilinifurahisha. Yote yaligeuka. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, aliniuliza jioni moja tukila.

"Unachunguza nini huko kwa ua kila siku?"

"Hiyo malenge ya dada yako. Imetoka kwa zangu."

"Umejuaje?"

"Nimeona kikonyo."

Alitafuna, akameza. "Si umuulize tu?"

Nilimwongezea mboga ili anyamaze.

Malenge lilizidi kukua. Kijani kikafifia, likawa la rangi ya udongo wa kuchoma, na juu yake ukungu mwepesi wa bluu ambao ukiugusa unabaki kwenye kidole, au ndivyo walivyosema waliougusa. Mama mkwe sasa alikuwa akipitia kwangu akirudi, si akienda. Alikunywa chai yangu akiwa ameshashiba ya kwa bintiye. Alinieleza habari za lile malenge kana kwamba mimi sikuwa nikiliona kila siku, na mimi nilisema, "Ala! Kweli, mama?" huku nikikata sukuma wiki vipande vyembamba kuliko vilivyohitajika.

Hatimaye wifi alilikata. Akatangaza kwamba Jumamosi alasiri litapikwa, na akaja mwenyewe kunialika. Alisimama nje ya jiko langu, hakuingia.

"Wifi, njoo tuonje. Mama anasema bila wewe hatupiki."

Nilijua malenge ya ajabu yana hatari yake. Kuna yanayozaliwa machungu, na uchungu huo si wa kuvumilia. Mtu akila anaharisha na kutapika. Nilipokuwa nikivaa leso yangu Jumamosi ile, nilikuwa nikitumaini kwamba litakuwa chungu. Sikutaka mtu augue. Nilitaka tu alionje mama mkwe kwa ncha ya ulimi, akunje uso, alitupe kwenye shimo la taka, na habari iishe.

Tulikuwa wachache: mama mkwe, wifi, binti yangu, jirani wa juu, na mimi. Wifi alilipasua kwa panga, na wote tukavutika karibu. Ndani lilikuwa la rangi ya chungwa iliyokolea, rangi ambayo malenge yangu hayana. Shingo yote ilikuwa nyama tupu, bila mbegu hata moja. Mbegu zote zilikuwa kwenye tumbo. Mama mkwe alikata kipande chembamba kibichi akakiweka mdomoni. Nilimtazama usoni kama mtu anayesubiri hukumu. Alitafuna polepole kwa upande wenye meno. Akafumba macho.

"Tamu," akasema. "Pika."

Lilipikwa kwa maji kidogo, limefunikwa kwa majani yake lenyewe, na harufu ilipoanza kutoka nilijua nimeshindwa. Tulikula kwa mikono, na chai ya rangi. Lilikuwa kavu kama langu, lakini laini, bila nyuzi, na utamu wake ulikuwa wa kina, unaobaki mdomoni baada ya kumeza. Ni malenge tamu kuliko yote niliyowahi kula. Jirani wa juu aliomba kipande cha pili. Nilikula kipande changu chote. Nilihisi machozi yakinikaribia, na nikasema ni mvuke.

Halafu nikauliza. Niliuliza kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida.

"Wifi, mbegu ulitoa wapi?"

Alimtazama mama yake. "Mama alinipa."

"Ni zile za malenke uliniletea," mama mkwe alisema akilamba kidole. "Wakati nilikuwa nimetoka hospitali. Ile kubwa. Nilikula, nikaanika mbegu juu ya mabati, nikaweka. Huyu aliporudi nikampa apande."

Nilikumbuka. Lilikuwa malenge kubwa kuliko yote ya msimu ule, lililokuwa limezaa karibu kabisa na ua. Wakati huo kipande cha ng'ambo kilikuwa bado kinalimwa na mume wangu, naye alikuwa amepanda mistari ya batanati, yale malenge madogo yenye shingo, kwa ajili ya soko. Maua ya batanati upande ule, maua yangu upande huu, na nyuki hawajui ua ni wa nani. Malenge lile nililompelekea mama halikuonyesha kitu kwa nje; lilikuwa la mviringo, la kijani, kama mengine yote. Mchanganyiko ulikuwa umelala ndani ya mbegu. Kwa hiyo hakuna aliyeiba. Lilikuwa mtoto wa malenge langu na batanati ya mume wangu, na mbegu zake zilikuwa zimepitia mkononi mwa mama.

Niliwaeleza hivyo. Niliwaonyesha kikonyo, nikawaonyesha madoa kwenye majani, nikawaambia habari za nyuki. Nilieleza vizuri. Jirani wa juu akapiga makofi.

"Basi hii malenge ni yako!" aliniambia.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. "Ndiyo," nilisema. "Ni yangu."

Wifi aliweka kikombe chini. Chumba kilikuwa kidogo na sote tulisikia kikombe kikigusa meza. Binti yangu alitazama miguu yake.

"Malenke yako," mama mkwe alisema taratibu, "ilikuwa na shingo?"

Jirani akacheka. Mimi sikucheka. Maneno niliyokuwa nimeyabana tangu siku ile chai ilipopoa yalinitoka yote kwa swali moja.

"Mama, kwa nini hukunipa mimi hizo mbegu?"

Alinishangaa. Alikuwa ananishangaa kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Wewe uko nazo," alisema. "Uko na mbegu, uko na shamba, uko na watoto. Huyu alikuja mikono mitupu."

Nilishukuru kwa chakula, nikaondoka. Kongoi, nilisema, kwa Kipsigis, kama mgeni.

Kwa siku kadhaa sikwenda kwenye ua. Nilifanya kazi ya chai, nikapeleka majani kituoni, nikarudi kwa njia ya chini ili nisipite kwa wifi. Mama mkwe alikuja kwangu kama zamani, akanywa chai, na wala hakutaja jambo lile. Nilikuwa nimempata tena asubuhi zote, na hazikunifurahisha. Kila alipoinua kikombe nilisikia mikono mitupu, mikono mitupu.

Wifi ndiye aliyekuja. Nilikuwa nikipalilia, nikasikia jina la mtoto wangu wa kwanza likitanguliwa na "mama," ndivyo alivyoniita siku ambazo mambo yalikuwa rasmi. Alikuwa amesimama upande wake wa waya ameshika sahani. Ndani yake mlikuwa na mbegu, zimeoshwa, zimekauka, nyeupe.

"Nusu," alisema. "Chukua."

Sikunyoosha mkono mara moja. "Si ni zako? Mama alisema."

"Najua mama alisema nini. Nilikuwa hapo." Aliisogeza sahani juu ya nguzo na kuiacha hapo. Halafu hakuondoka. "Unajua nilipofika hapa, wiki ya kwanza, nilimpikia chai. Mama yangu mwenyewe. Akaonja, akaweka chini. Nikamuuliza, mama, kuna nini? Akaniambia, enda uulize mke wa ndugu yako vile anatengeneza."

Niliegemea jembe.

"Nilitoka kwa watu hawanitaki," aliendelea, "nikasema angalau naenda kwa mama. Nikapata mama ana msichana mwingine. Anajua hata dawa zake, ya asubuhi na ya jioni. Mimi sikujua anakunywa dawa." Alijifuta pua kwa leso. "Hiyo malenge ilikuwa kitu ya kwanza alikuja kuangalia kwangu. Ya kwanza. Na wewe hata hiyo ukaichukua."

Ningependa kusema kwamba nilimkumbatia. Waya ulikuwa katikati yetu, na mimi si mtu wa haraka. Kitu cha kwanza nilichohisi, nakiandika kama kilivyokuwa, kilikuwa faraja: kumbe wakati wote nilipokuwa nikimtazama kupitia kwenye ua, naye alikuwa akinitazama. Wivu ule ulikuwa na watu wawili. Huruma ilifuata baadaye, nikiwa nimeshachukua sahani.

"Anapenda tangawizi," nilimwambia. "Lakini usiponde. Unakata kipande, unaweka wakati maziwa inachemka, halafu unatoa. Akiona vipande kwa kikombe hanywi."

"Tangawizi," alisema, kana kwamba nimemwambia siri kubwa.

"Na sukari usiweke. Daktari alikataa. Mwambie umeweka."

Akacheka kidogo, akaenda.

Mvua zilipoanza tulipanda, kila mmoja upande wake. Nilichagua mahali pazuri kuliko pote, nikamwaga samadi, nikalinda miche dhidi ya kuku kama ninavyolinda watoto. Nilitaka shingo. Nilitaka malenge lenye shingo ndefu kuliko lile, liwe kwangu, watu wasimamishe pikipiki kwangu. Lakini mbegu za mchanganyiko hazina ahadi. Mmea wa kwanza ulizaa malenge bapa kama kigoda, yenye vinundu, na nilipoyapika yalikuwa maji matupu. Mwingine ulizaa kitu kidogo kigumu ambacho panga liliteleza juu yake. Wa tatu ulizaa malenge ya mviringo, ya kijani, yaleyale ya kwetu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa wifi yalitoka yenye shingo fupi, na moja nene kama batanati iliyovimba. Tulisimama kwenye ua tukionyeshana. Niliyahesabu ya kwake kimoyomoyo na nadhani naye aliyahesabu yangu. Jirani wa juu alikuja akayatazama yale yangu yenye vinundu, akauliza kama nayo yanaumwa.

Mmea mmoja tu nyuma ya jiko ulichelewa. Ulitambaa mpaka kwenye rundo la kuni ndipo ukaamua kuzaa, na ulizaa tunda moja. Nililigundua nikienda kuchukua kuni: lilikuwa limelala kati ya magogo, na shingo yake imejipinda ikifuata gogo. Sikumwambia mtu, hata binti yangu. Nilingoja likomae, ukungu wa bluu ukalipata, nikalikata na kulifunga kwenye leso.

Kufikia wakati huo mama mkwe alikuwa hatoki tena nyumbani. Miguu ilikataa kabisa, na macho yalikuwa yamejaa wingu. Aliona mwanga na vivuli, mengine alitumia mikono. Mimi na wifi tulipokezana kumwogesha na kumlisha. Siku niliyopeleka malenge langu nilimkuta wifi ameshafika, na juu ya meza kulikuwa na malenge lake, zuri, la shingo fupi. Tulitazamana, kila mmoja akautazama mzigo wa mwenzake.

Nilifungua leso, nikaliweka langu kwenye mapaja ya mama. Alilishika. Mikono yake ilipanda shingoni, ikashuka tumboni, ikafuata mifuo mmoja mmoja. Uso wake ulichangamka.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. Kisha akageuza uso mahali alipodhani bintiye amesimama. "Hii umetoa kwako. Nilijua itarudi kwako."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila haki ya kusema. Lakini wifi alinitangulia.

"Si yangu, mama. Yangu iko kwa meza. Hiyo ni ya huyu."

Mikono ya mama mkwe ilisimama juu ya malenge. "Ya huyu?"

"Ya huyu. Ameitoa nyuma ya jiko yake."

"Hm." Alilipapasa tena, akarudi shingoni. "Basi hii isipikwe. Mniwekee hapa karibu na kitanda. Ile ya kwa meza ndiyo mtapika."

Furaha iliyonijaa sikuweza kuificha, na sikujaribu sana. Nilisogeza kikombe chake cha dawa, nikaliweka malenge mahali ambapo mkono wake ungelifikia bila kunyooka. Wifi alilichukua la kwake na kuingia nalo jikoni. Nilimsikia akilipasua. Alilipiga panga kwa nguvu kuliko malenge lile lilivyohitaji, akalipiga tena, na vipande vikaanguka kwenye sufuria kwa kishindo.

Nilimwacha apige mara chache. Halafu nikamwambia mama narudi sasa hivi, nikaenda kumsaidia kumenya.